Maji ya kuizamisha Everest yatoke wapi?

Nimefundisha jiografia sekondari kwa miaka mingi, na kila mwaka yupo mwanafunzi atakayeuliza kama barafu ikiyeyuka dunia nzima itazama. Wengi wao wameiona Waterworld, filamu ya 1995 ambamo Kevin Costner anatangatanga na mashua katika bahari isiyo na pwani, na nchi kavu iliyosalia ni kilele cha Everest. Nawapa chaki wapige hesabu wenyewe.

Barafu yote ya Antaktika, Greenland na milimani ikiyeyuka, bahari itapanda mita 66 hivi, basi. Everest ina mita 8,849. Kufika kileleni kunahitaji kuongeza zaidi ya kilomita za ujazo bilioni 4 za maji, na bahari zetu zote zina bilioni 1.3 tu. Nairobi, iliyo kwenye mita 1,700 hivi, bahari hiyo ya mita 66 haitaiona.

Hapo ndipo ninapoingiwa na wasiwasi. Mwanafunzi akishagundua kuwa filamu imedanganya, huwa mwepesi kusema habari yote ya kupanda kwa bahari ni uzushi. Kumbe mita 66 zinatosha kabisa kuimeza Kariakoo, Mji Mkongwe na Lamu. Hata mita moja ni msiba kwa watu wa pwani.

Stephen Baxter, mwandishi wa Uingereza, alilitambua tatizo hilo la hesabu. Katika riwaya yake Flood ya 2008, maji yanabubujika kutoka tumboni mwa dunia. Hiyo afadhali. Mwaka 2014 watafiti walitangaza kwamba almasi kutoka Juína, Brazili, ilikuwa na chembe ya madini ya ringwoodaiti, yenye maji kama asilimia 1.5 ya uzito wake. Madini hayo hutokea kilomita mamia kadhaa chini ya miguu yetu. Ila maji yake yamefungwa ndani ya fuwele za mwamba. Hakuna ziwa huko linalongoja ufa.

Waterworld ina jambo moja zuri sana: udongo unauzwa kwa bei ya dhahabu. Hapo nawavulia kofia watengenezaji wa filamu. Fosforasi inayolisha viumbe vya baharini hutoka hasa kwenye miamba ya nchi kavu inayomomonyolewa na mvua na kuletwa na mito. Ondoa mabara, na bahari yenyewe itapungukiwa chakula. Sasa yule samaki mkubwa kupindukia anayevuliwa na Costner alinenepa kwa kula nini?

Sayari iliyofunikwa maji kwelikweli, ambayo wanasayansi wanaitafuta kando ya nyota nyingine, ni ya ajabu kuliko filamu yoyote. Bahari ikiwa na kina cha kilomita mia moja na ushei, mgandamizo wa maji huyageuza ya chini kuwa barafu hata kama hayana baridi. Barafu hiyo huufunika mwamba, na chumvichumvi za mwamba huo hupata shida kufika juu. Uhai ungeanzaje huko? Hapo pana riwaya nzima.

Nawaomba waandishi wetu chipukizi wa hadithi za kisayansi kwa Kiswahili waiandike. Kabla ya sura ya kwanza, watafute mwalimu wa jiografia au fizikia aliye karibu nao, wamwulize maji yanatoka wapi na samaki wanakula nini. Atawasaidia kwa furaha.