Mwiba Una Ndugu Wengi

Ndugu msomaji, kama unalima Ngara au Biharamulo, mguu wako uliujua mwiba zamani, kabla jicho lako halijajifunza kulisoma neno hilo. Sasa unaweza kulisoma. Basi tulitazame neno lenyewe. Lina ukoo, na lina maana zaidi ya moja.

Mtu anaweza kudhani kwamba mwiba na kuiba ni neno moja. Mwiba hujificha majanini, na mwizi pia hujificha. Mwiba huingia bila kupiga hodi. Maelezo hayo yanapendeza, lakini si ya kweli. Ushahidi uko jirani. Nenda kwa Warundi, ng'ambo ya mpaka wa Ngara. Wao huuita mwiba ihwa. Ikiwa mingi, huiita amahwa. Je, kuiba wanasemaje? Wanasema kwiba. Unaona? Kuiba kuna b, lakini ihwa haina b. Haya ni maneno mawili tangu zamani. Katika Kiswahili yamekaribiana kwa sauti tu.

Wahaya husema eihwa. Waganda husema eriggwa. Wataalamu wa lugha huyahesabu maneno haya, pamoja na mwiba wa Kiswahili, kuwa watoto wa neno moja la kale la Kibantu. Neno kitabu tulilipata kwa Waarabu. Neno shule tulilipata kwa Wajerumani. Mwiba hatukuazima kwa mtu.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na wale wanaocheka darasani mzee anaposema ihwa badala ya mwiba. Wanamwambia, "Hicho si Kiswahili!" Ni kweli si Kiswahili. Lakini ni ndugu yake Kiswahili, na mzee huyo amekwisha kufika nusu ya njia. Mwalimu aandike maneno yote mawili ubaoni, mzee ayaone yamekaa pamoja. Mtu akichekwa mara mbili, mara ya tatu haji darasani. Lugha hizi za nyumbani zina kazi. Mwezi Aprili 1994 Wanyarwanda wengi mno walivuka daraja la Rusumo kwa siku chache wakikimbia vita. Wahangaza waliweza kuongea nao bila mkalimani, kwa sababu lugha zao zinakaribiana sana.

Sasa tuje kwenye maana. Hapa nataka usome polepole, kwa sababu kosa linaweza kukuumiza.

Kiswahili huita mwiba ule wa mti. Huita mwiba pia ule mfupa mwembamba wa samaki. Na kile anachochomea nyuki au nge, nacho ni mwiba. Hata nungunungu ana miiba mgongoni. Neno ni moja, lakini dawa si moja.

Mwiba wa mti ukikuchoma shambani, utoe, kisha osha jeraha kwa maji safi na sabuni. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama. Tundu dogo la mwiba linatosha kuviingiza mwilini. Nenda zahanati ukaulize habari za chanjo, hata kama huoni damu.

Mwiba wa nyuki ni tofauti. Warina asali wa Biharamulo wanajua kwamba nyuki huuacha mwiba wake ndani ya ngozi pamoja na kifuko cha sumu. Kifuko hicho huendelea kusukuma sumu. Utoe upesi, usingoje. Nge hauachi mwiba wake, kwa hiyo usipoteze muda kuutafuta.

Mwiba wa samaki ukikwama kooni, watu wengi humeza tonge kubwa la ugali ili liusukume. Mimi nasema acha desturi hiyo. Tonge linaweza kuuzamisha mwiba zaidi nyamani. Ukiona hautoki, nenda kwa mganga wa zahanati.

Huko zahanati usiseme tu, "Mwiba umenichoma." Mganga anaweza kuwa mgeni, hajui ulikuwa shambani, mzingani au mezani. Sema ni mwiba wa nini, umeingia wapi, na tangu lini. Lugha ikikushinda, sema kwa lugha yako na umwombe jirani akusaidie.

Wako pia watakaokuambia ile methali: mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Waache waseme. Kwetu hata aliyejikwaa kwa uzembe wake huambiwa pole, na mimi sioni ubaya wake.

Jambo la mwisho ni la daftari lako. Wengi huandika "miba". Andika mwiba umenichoma, miiba imenichoma, kwa i mbili. Ile ya kwanza ni ya mi-, ile ya pili ni ya -iba.