Miezi 13 Bado Anashika Makochi?

Mwezi huu tuongelee simu zetu, hasa sisi wenye watoto wadogo.

Wiki haipiti bila mama fulani kunivuta pembeni, kazini au saluni, anioneshe video ya mtoto wa watu. "Ona, huyu ana miezi 10 anatembea. Wa kwangu 13, bado anashika makochi!" Baba naye hasemi kitu. Anapita Kariakoo, anarudi na woka, kile kigari cha duara mtoto anachotumbukizwa katikati. Usiku ndio kesi inaanza: nani hamfanyishi mtoto mazoezi, nani anamwachia dada kutwa nzima. Mtoto mwenyewe wala hana habari, anatafuna rimoti.

Jamani! Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya kuwafuatilia watoto wenye afya njema wa Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani. Wapo walioanza kutembea wenyewe na miezi 8 na kidogo, wapo waliofika 17 na nusu. Wazima wote. Tofauti hiyo ni zaidi ya miezi 9, yaani mimba nzima! Huyo wa miezi 13 yuko katikati kabisa. Akipita mwaka na nusu hajatembea, hapo sawa, mpelekeni kliniki. Woka haimuwahishi, na Kanada walipiga marufuku kuiuza tangu 2004 kwa sababu watoto walikuwa wanaporomoka nayo kwenye ngazi.

Halafu hizo picha. Mimi nafanya kazi kwenye jarida, nazijua. Mtoto mmoja anayecheka vizuri ukurasani ametoka kwenye picha mia na zaidi, na katika nyingi analia, anakimbia, au shangazi yake anaonekana pembeni akitikisa funguo. Mama wa nyumbani anafanya vilevile na simu yake, anachagua moja. Sio kwamba anadanganya, nani aposti kamasi?

Ninaloogopa ni ule mdomo wa usiku. Mtoto atatembea tu, lakini yale mliyoambiana na mwenzio kwa ajili ya video ya sekunde 20 hayafutiki kama stetasi. Kwa hiyo kaeni wawili, mtoeni ile kadi ya kliniki kabatini, muangalie mstari wake unapandaje mwezi hadi mwezi. Huo ndio wa kuulizana.

Na yule shoga ambaye kila ukiona stetasi yake moyo unakushuka? Usigombane naye, wala usimfute namba. WhatsApp ina sehemu ya kunyamazisha stetasi za mtu, na mwenyewe haambiwi. Ataendelea kukualika bethidei kama kawaida.