Mahindi yapo jirani, watoto wana njaa

Vijana wenzangu, juzi nilikuwa nyumbani kijijini, Nyanda za Juu Kusini. Mama mdogo ana magunia tisa ya mahindi ndani, anamsubiri dalali aje na bei yake na lumbesa yake. Hatua chache kutoka kwake kuna shule ya msingi. Mchana ule watoto walirudi nyumbani na njaa, eti "mzabuni hajaleta". Mzabuni mwenyewe anatoka mjini! Jamani, hii ni akili?

Tukumbushane. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, lakini chakula cha mwanafunzi wa kutwa kiliachwa mabegani mwa wazazi. Pesa inayonunua uji na makande ni michango yao. Wana haki ya kujua imekwenda wapi.

Dawa tunayo mfukoni. Mama mdogo hana simujanja, ana kitochi tu, lakini kubonyeza nyota na reli ili atoe pesa anajua kuliko mimi. Basi halmashauri itume ujumbe mfupi kwa wakulima wa kata: shule inahitaji magunia 12, bei hii, siku hii. Wakulima wajibu, wajikusanye kupitia chama chao cha msingi, wapeleke. Mwalimu na mjumbe wa kamati ya shule wakishathibitisha uzito kwa simu zao, malipo yaingie siku hiyohiyo. Kisha kila mzazi apate ujumbe: yamepokelewa magunia mangapi, kwa bei gani.

Wapo watakaosema mahindi ya kijijini si salama. Hoja hiyo siidharau: mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Lakini gunia lenye namba ya mkulima linafuatilika. La mzabuni, lililochanganywa ghalani, utamuuliza nani? Vikundi vya vijana vinunue vipima unyevu kwa ile asilimia 4 yetu ya mikopo ya halmashauri, na mahindi ambayo hayajakauka vizuri yarudishwe getini.

Simu haipiki ugali, najua. Na mwizi akiamua, ataiba hata kwa simu. Ila kuiba mbele ya wazazi wote wa shule ni kugumu kuliko kuiba ndani ya faili.

Kazi ya wiki hii: nenda kwenye kikao cha wazazi cha shule ya mtaani kwako, uliza swali moja tu. Haya mahindi yamenunuliwa kwa nani, kwa shilingi ngapi? Wakikasirika, ujue umegusa penyewe.