Msikiti wa Kiabakari, kuba la nani?

Wadau, hili linanikera siku nyingi, ngoja leo nilitoe. Chukulia waumini wa Kiabakari wameamua kujenga msikiti mpya wa kisasa. Nina hakika ramani ya kwanza kuletwa itakuwa na kuba linalong'aa na minara miwili, kama Dubai vile. Halafu pesa zitaishia kwenye lenta!

Tunasema ni mapokeo ya Kiislamu. Mapokeo yapi? Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na mihrabu yake imechongwa kwa matumbawe. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulipopanuliwa karne ya 14 uliwekewa kuba, tena nyingi. Kwa hiyo sipingi kuba, jamani. Lakini mafundi wale walitumia matumbawe na chokaa, vitu vya palepale pwani. Sisi watu wa Mara hatuna matumbawe, tuna mawe. Mawe mpaka yanatuzuia kulima.

Halafu kuna zawadi ambayo wengi hawaioni. Kutoka Kiabakari, kibla ni kaskazini, ikiinama kidogo mashariki. Maana yake safu za kuswalia zinalala mashariki-magharibi, na kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini. Kwa sisi tulio karibu kabisa na ikweta, hizo ndizo kuta zinazopigwa na jua kidogo zaidi. Weka madirisha makubwa huko, ziba upande wa machweo, uone kama utahitaji feni. Kibla yenyewe imeshakuchorea nusu ya ramani!

Mnadhani naota? Kule Dhaka, Bangladesh, mbunifu Marina Tabassum alijenga msikiti wa Bait Ur Rouf kwa matofali, bila kuba wala mnara. Mwanga unashuka kupitia matundu ya paa. Mwaka 2016 ukapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Matofali, ndugu zangu, haya haya tunayochoma vijijini.

Najua wapo watakaosema bila kuba mgeni hatajua kama ni msikiti. Adhana si itamwambia? Pesa ya kuba ijenge birika la maji ya mvua la kutawadhia, na sehemu ya akina mama isiyogeuzwa stoo ya mikeka.

Mliosoma usanifu pale Ardhi, ramani ya namna hii mnaichora kwa shilingi ngapi?