Kijiko Mkononi mwa Bibi



Juma lililopita niliwatembelea wazee katika makao mojawapo yaliyo jirani na parokia yetu. Nilifika wakati wa uji. Kwa miaka mingi nimewasifu wahudumu wa pale kwa jinsi wanavyowalisha wazee kwa upole, kijiko kwa kijiko. Safari hii nilimkuta Bibi mmoja, ambaye kiharusi kilimdhoofisha upande wa kulia, akinywa uji wake mwenyewe. Nikamwamkia, "Shikamoo Bibi." Akajibu, "Marahaba mwanangu, ngoja kwanza nimalize." Nikangoja karibu nusu saa. Uji mwingine uliishia kwenye kanga.

Aliyemrudishia Bibi kijiko ni mtoa tiba kwa vitendo, kijana anayefika hapo mara mbili kwa mwezi. Wengi wetu tunamfahamu daktari na muuguzi, na pengine yule wa fiziotherapia anayenyoosha viungo. Huyu ni mwingine. Wa fiziotherapia atapima goti linakunjika kiasi gani. Huyu atauliza kama goti hilo litamfikisha mzee chooni usiku, taa iko wapi, na njiani kuna nini cha kumkwaza. Dawa yake ni matendo yenyewe ya kila siku: kuvaa, kuoga, kula, kuchambua mchele, kusuka ukili. Hapa Tanzania fani hii hufundishwa KCMC, Moshi, lakini wahitimu wake bado ni wachache.

Kwa Bibi kazi ilianza na jambo ambalo hakuna kitabu cha Ulaya kingelitaja: alikataa katakata kula kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa hakulelewa hivyo. Kijana hakubishana naye. Aliuweka mkono wa kulia ukingoni mwa bakuli, ulishikilie kadiri unavyoweza, ili nao usikose kushiriki chakula. Mpini wa kijiko akauzungushia mpira wa baiskeli uwe mnene, na chini ya bakuli akatandika kitambaa chenye unyevu lisiteleze. Akamfundisha pia kuvaa gauni kwa kutanguliza mkono dhaifu, na kulivua kwa kutanguliza mkono wenye nguvu. Gharama ya hayo yote haifikii bei ya soda.

Nilipokuwa nikingoja nilimkumbuka mama yangu mzazi. Alipopatwa na kiharusi, sisi watoto tulikubaliana apumzike. Tukamtafutia binti wa kumwogesha, kumvisha na kumlisha. Alipoomba amenye ndizi, mimi ndiye niliyemnyang'anya kisu, nikidhani ni upendo. Baada ya miezi kadhaa hakuomba kisu tena, wala kitu kingine chochote. Tulisema ni uzee. Leo siamini kwamba ulikuwa uzee peke yake, na jambo hilo limeninyima usingizi juma hili.

Katika sura ya mwisho ya Injili ya Yohane, Petro anatabiriwa uzee ambamo mtu mwingine atamfunga mshipi. Najua Mwinjili analielekeza neno hilo kwenye kifo chake. Hata hivyo, sisi tunaotunza wazee huwa na haraka mno ya kuushika mshipi kabla mwenyewe hajashindwa.

Mhudumu mmoja aliniambia waziwazi, "Baba Padre, nikimlisha ni dakika kumi, akila mwenyewe nafua mara mbili." Ana haki. Mtu mmoja aliyeachiwa chumba kizima cha wazee hawezi kulaumiwa kwa kuchagua njia ya mkato. Ndiyo maana sioni kwamba suala hili ni la huruma ya wahudumu. Ni suala la idadi yao na la utaalamu. Taifa letu lina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, na makao ya Serikali yapo, kama Nunge kule Kigamboni na Njoro mjini Moshi. Lakini tunapochangia makao ya wazee, ya Serikali au ya Kanisa, sisi waamini hupeleka unga, sabuni na magodoro. Sijawahi kusikia jumuiya iliyochangia nauli na posho ya mtaalamu wa namna hii. Napendekeza tuanze sisi, afike kila juma, na awafundishe wahudumu kazi yake.

Ametuachia pia ombi. Mafundi seremala wa parokia waonane nami Jumapili baada ya Misa ya kwanza. Vinahitajika viti sita vyenye mikono imara, vya urefu wa kuwawezesha wazee kukanyaga sakafu kwa nyayo zote wanapoketi. Vipimo vya kila mmoja ninavyo ofisini. Bibi ameagiza cha kwake kisipakwe rangi ya kijani.