Mbinu na Mkao: Wasia kwa Wanaojifunza Sataranji Mkoani Songwe

Sataranji ni mchezo wa akili unaochezwa na watu wawili juu ya ubao wa miraba 64, kila mmoja akiwa na vipande 16, na nia ya kila mchezaji ni kumzingira mfalme wa mwenzake hata akose pa kukimbilia. Anayetaka kuumudu hana budi kupata elimu mbili. Ya kwanza ni elimu ya mbinu, yaani mapigo ya hatua chache yanayoweza kuhesabiwa hadi mwisho, kama pale farasi anapomtishia mfalme na ngome kwa pamoja, mfalme akaokolewa na ngome ikaliwa. Ya pili ni elimu ya mkao, yaani kutambua kama vipande vimekaa mahali penye nguvu, kama vitunda, wale askari wa mstari wa mbele, vinalindana au vimetengana, na kama mfalme amesitirika. Elimu hizi mbili hazifai kutenganishwa, kwa sababu pigo huzaliwa na mkao.

Wapo wanaoshikilia kwamba mchezaji mchanga hushindwa kwa kuacha vipande bila mlinzi, na kwa hiyo afanye mazoezi ya mapigo peke yake. Hoja hiyo ina ukweli mkubwa, kwani asiyeona kipande chake kinatishiwa hafaidiki na mpango wowote, ujapokuwa mzuri namna gani. Lakini haimalizi jambo. Na litazamwe pigo la mstari wa nyuma: mfalme amekaa nyuma ya vitunda vitatu ambavyo havijasogea, ngome ya adui inafika mstari wa mwisho, na mfalme anakwisha kwa kuwa askari wake mwenyewe wamemzibia njia. Aliyekariri pigo hilo hulitambua likiwa tayari mbele ya macho yake, ilhali aliyeuelewa mkao huliandaa mapema kwa kuiweka ngome yake kwenye njia isiyo na vitunda, na kwa upande wake husogeza kitunda kimoja ili mfalme wake apate pa kutokea. Kadhalika farasi aliye kwenye pembe ya ubao hufikia miraba 2 tu, na aliye katikati hufikia 8, hivyo anayempeleka katikati hapati mapigo mengi kwa bahati.

Historia inatoa ushahidi huohuo. Wilhelm Steinitz, bingwa wa dunia wa kwanza kutambuliwa rasmi, mwaka 1886, alifundisha kwamba shambulio halistahili kuanzishwa ila na yule ambaye mkao wake umekwisha kuwa bora. Mikhail Tal, aliyesifika kwa mapigo ya kutisha, alitwaa ubingwa mwaka 1960 akiwa na umri wa miaka 23, na mwaka uliofuata Mikhail Botvinnik aliurudisha kwa kuiongoza michezo kwenye mikao iliyompunguzia Tal nafasi ya kushambulia.

Vijana wa Songwe hawaianzi safari hii mikono mitupu. Drafti ya visoda inayochezwa vijiweni humzoeza mtu kumlisha mwenzake kete moja ili yeye ale mbili au tatu, na hiyo ni shule ya mbinu. Bao, lenye mashimo 32 na kete 64, humfundisha mchezaji kuitunza nyumba yake wakati wa kunamua na kutazama hali ya ubao wote kabla ya kushika kete, na hiyo ni shule ya mkao. Ng'ambo ya mpaka wa Tunduma iko Zambia, nchi ya Amon Simutowe, Mwafrika wa kwanza kusini mwa Sahara kufikia daraja la ubingwa mkuu linalotolewa na FIDE, shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Kwa hiyo asiwepo kijana wa kudhani kwamba elimu hii ni ya watu wa mbali.

Njia ya kuziunganisha elimu hizi si ngumu. Kila siku mwanafunzi na afumbue mafumbo machache ya mapigo, na kila akifumbua moja ajiulize ni udhaifu gani wa mkao ulioliruhusu pigo hilo: mfalme aliyefungiwa, kipande kisicho na mlinzi, au mlinzi mmoja aliyebebeshwa kazi mbili. Akicheza, na aandike hatua zake, kisha akae na mpinzani wake watafute mahali mchezo ulipoanza kuharibika, kwa maana kosa halisi mara nyingi hutangulia pigo kwa hatua kadhaa. Mkulima wa kahawa wa Mbozi hupogolea mibuni yake akijua kwamba siku hiyo hachumi kitu, na mwanafunzi naye na aridhike na hatua inayoboresha mkao hata kama haili kipande. Wahenga walisema papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Walimu na wazazi wa Tunduma, Vwawa na Ileje wasimsifu mtoto kwa ushindi wa haraka pekee, bali wamtake aeleze kwa nini pigo lake liliwezekana. Mtoto atakayezoea kutoa jibu hilo hatahitaji kumsubiri mpinzani akosee, kwa kuwa atajua kuijenga mwenyewe nafasi ya kushinda.