Harriet Jacobs Aliandika Mwenyewe

Tangu Harriet Jacobs atoe kitabu cha maisha yake ya utumwa, Boston, mwaka 1861, madai dhidi yake hayajakoma.

Dai lililomdhulumu zaidi ni kwamba kile ni riwaya, na aliyeiandika hasa ni mhariri wake mzungu, Lydia Maria Child. Kweli Jacobs alitumia jina la Linda Brent na kubadili majina ya wengine, maana wapo waliomsitiri. Lakini hadi mwaka 1972 mwanahistoria John Blassingame alikuwa bado anakikataa. Ndipo mtafiti Jean Fagan Yellin akazisoma barua ambazo Jacobs alimwandikia rafikiye Amy Post, zilizohifadhiwa Rochester. Kumbe mama huyu alikuwa yaya: mchana analea watoto wa tajiri, usiku anaandika. Toleo la Yellin la mwaka 1987 likamrudishia haki yake.

Wengine husema hakuna binadamu awezaye kuishi darini karibu miaka saba, kama Jacobs alivyojificha alipomtoroka bwana wake, James Norcom. Dari lenyewe lilikuwa juu ya stoo ya bibi yake, Edenton, North Carolina: urefu futi 9, upana 7, kimo futi 3 tu palipoinuka zaidi. Kusimama hawezi. Akapata keekee, akatoboa matundu ukutani, akawa anawachungulia wanawe wakipita chini, nao hawajaambiwa kama mama yupo. Tangazo la Norcom la mwaka 1835, la kuahidi dola 100 kwa atakayemkamata, lipo hadi leo.

Eti alizaa na mzungu nje ya ndoa, hafai kuwa mfano? Mzungu huyo si Norcom; Norcom ndiye aliyemwandama tangu akiwa kigori, na sheria haikumlinda binti. Jacobs aliyaandika hayo akijua watamhukumu, na kwa kuyasema aliwaanika watesi waliotegemea kimya cha wanawake.

Na wanaodai kwamba kujisimulia si mapambano wakumbuke hili: Harriet Beecher Stowe, mmoja wa waandishi maarufu sana wakati ule, alitaka kukitia kisa hiki katika kitabu chake mwenyewe. Jacobs hakukubali. Wala hakuishia kuandika: mwaka 1864 yeye na bintiye Louisa wakafungua shule ya watoto waliotoka utumwani, Alexandria, Virginia.

Walimu wa fasihi, kifundisheni kitabu hiki, na mwandishi mtajeni kwa jina lake: Harriet Jacobs.